NANI HUMCHAGUA NANI? MZOZO WA SHULE ZA MKATABA NCHINI MAREKANI

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Je, na yule asiyepewa nafasi ya kuchagua hata hiyo koroma, afanyeje? Swali hilo ndilo lililowasha moto katika mdahalo wa chama chetu muhula wa pili. Hoja ilikuwa fupi: mzazi apewe uhuru wa kumchagulia mwanawe shule ya umma aipendayo. Waliounga mkono wakapaza sauti, "Marekani wanafanya hivyo na wameendelea!" Waliopinga nao wakajibu, "Huko huko Marekani wanafanya hivyo na wanalia!" Kengele ya chakula ikalia, mwenyekiti akafunga kikao, na ukumbi mzima ukatoka bila mtu hata mmoja kueleza Marekani wanafanya nini hasa.

Mwalimu mlezi wa chama akaniagiza nichimbue jambo hili na kuliandikia jarida letu. Nami kwa kuwa mtumwa hana hiari, nimechimbua. Katika makala haya nitaeleza shule za umma za Marekani hupangwaje, hizi zinazoitwa shule za mkataba zilitoka wapi, wanaozisifu wana hoja gani na wanaozilaumu wana hoja gani. Mwishoni nitasema langu, kwa maana mtu akikaa juu ya ua huchomwa na miiba ya pande zote mbili.

MTOTO HUFUATA ANWANI

Kwanza tuelewe mambo yalivyo kwa kawaida. Nchini Marekani shule za umma haziendeshwi na wizara moja kama hapa kwetu. Kila jimbo lina sheria zake za elimu, na chini ya jimbo kuna wilaya za shule, takriban 13,000 kwa jumla. Kila wilaya ina bodi yake, ambayo aghalabu wajumbe wake huchaguliwa na wananchi. Bodi hiyo ndiyo huajiri walimu, hupanga mabasi na hujenga madarasa. Mtoto akifika umri wa kusoma haulizwi alipata alama ngapi. Huulizwa anaishi wapi. Barabara hii ni ya shule hii, barabara ile ni ya shule ile, kwisha maneno.

Ukisikia hivyo utasema, "Mbona ni haki tupu!" Ngoja kwanza. Karibu nusu ya fedha za shule hizo hutoka katika eneo lenyewe, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni kodi ya nyumba na ardhi. Mtaa wa majumba ya kifahari hukusanya kodi nyingi bila jasho. Mtaa wa nyumba kuukuu hukamuliwa na bado ndoo haijai. Serikali za majimbo hutia fedha ili kusawazisha, lakini mahali pengi pengo halijazibika.

Kwa hivyo mwenye pesa huchagua shule kwa kununua nyumba karibu nayo. Asiye nazo hukaa alipo, na mwanawe husoma palipo. Hapo ndipo watetezi wa uchaguzi wanaposhikilia hoja yao ya kwanza, nayo ni nzito: uchaguzi wa shule upo Marekani tangu zamani, ila unauzwa pamoja na nyumba.

VOCHA: DAWA AU SUMU?

Mwaka 1955 mwanauchumi Milton Friedman, ambaye baadaye mwaka 1976 alitunukiwa Tuzo ya Nobel, aliandika makala akipendekeza jambo lililoshangaza wengi. Alisema serikali na ilipie elimu, lakini si lazima iendeshe shule. Mzazi apewe hati ya malipo, yaani vocha, aipeleke katika shule yoyote iliyoidhinishwa, iwe ya umma au ya kibinafsi. Shule nzuri itapata watoto na fedha. Shule mbovu itabaki na madawati matupu hadi ijirekebishe au ifunge. Kwa maneno ya kwetu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wazo hilo lilianza safari yake vibaya. Mwaka 1954, katika kesi ya Brown, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kuvunja katiba. Wilaya ya Prince Edward katika jimbo la Virginia ilifanya nini? Badala ya kutii, ilifunga shule zake zote za umma mwaka 1959. Watoto weupe wakafunguliwa shule ya kibinafsi, na fedha za umma zikatumiwa kuwasaidia kulipa karo. Shule za umma za wilaya hiyo hazikufunguliwa tena hadi mwaka 1964, baada ya Mahakama ya Juu kuingilia kati. Watoto weusi wengi walipoteza miaka ya masomo isiyorudi. Hebu fikiria wewe, miaka mitano mlango umefungwa! Ndiyo maana hadi leo kuna Wamarekani wakisikia maneno "uhuru wa kuchagua shule" nywele huwasimama.

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. Mpango wa vocha unaotajwa sana ulianzishwa kwa juhudi za mama mweusi. Mwaka 1990 Bi. Polly Williams, mbunge wa chama cha Democratic katika jimbo la Wisconsin, alishirikiana na Gavana Tommy Thompson wa chama pinzani cha Republican, wakapitisha sheria kwa ajili ya mji wa Milwaukee. Watoto wa familia maskini walilipiwa na serikali wasome shule za kibinafsi. Mwaka wa kwanza walikuwa mia tatu na kitu tu. Bi. Williams aliona watoto wa mtaa wake wamengoja mageuzi mpaka wakachoka. Lakini miaka ilivyosonga, na wengine walipotaka mpango upanuliwe uwafikie hata wenye uwezo, yeye mwenyewe alipinga. Alisema vocha ilikusudiwa mnyonge. Leo yapo majimbo, kama Arizona tangu mwaka 2022, ambayo humpa kila mzazi fedha za namna hiyo, tajiri kwa maskini.

MKATABA: NJIA YA KATIKATI

Sasa tuje kwenye shule za mkataba zenyewe, maana wengi huzichanganya na shule za vocha. Si kitu kimoja hata kidogo.

Wazo lilitoka kwa walimu. Ray Budde, aliyekuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, alipendekeza walimu wapewe mkataba na bodi ya wilaya ili wajaribu mbinu mpya. Mwaka 1988 Albert Shanker, kiongozi wa mojawapo ya vyama vikubwa vya walimu nchini humo, alilichukua wazo hilo akalitangaza kwa sauti kubwa. Naam, umesoma sawasawa: kiongozi wa chama cha walimu! Ni kama tungesikia viongozi wa KNUT au KUPPET ndio waliobuni jambo ambalo baadaye vyama hivyo vitapigana nalo. Shanker alitaka vikundi vidogo vya walimu viwe kama maabara. Wajaribu, wakifaulu wawafundishe wenzao, wakishindwa hasara iwe ndogo.

Mwaka 1991 jimbo la Minnesota likapitisha sheria ya kwanza, na mwaka 1992 shule ya kwanza, City Academy, ikafunguliwa katika mji wa St. Paul. Ilikusudiwa vijana waliokuwa wameacha masomo. California ikafuata mwaka huo huo wa 1992. Leo majimbo zaidi ya 40 yana sheria za namna hiyo, na wanafunzi zaidi ya milioni tatu na nusu husoma katika shule hizo.

Mkataba wenyewe hufanya kazi hivi. Kikundi cha watu, wawe walimu, wazazi au shirika, huenda kwa mamlaka iliyopewa nguvu na sheria ya jimbo. Huahidi kwamba tutafundisha watoto wa aina hii, kwa njia hii, nao watafikia kiwango hiki. Wakikubaliwa hupewa fedha za umma kwa kila mtoto, na huondolewa baadhi ya kanuni zinazozibana shule nyingine. Wanaweza kurefusha siku ya masomo, kuajiri kwa masharti yao, na kupanga mtaala wao. Kwa upande wao ni lazima wasitoze karo, wasiwape watoto mtihani wa kuwachuja, na mkataba unapomalizika wakaguliwe. Wakishindwa hufungwa.

Na watoto wakizidi nafasi? Kwa kawaida sheria hudai majina yapigiwe bahati nasibu. Shule ina nafasi 100, waombaji 700, majina yote hutiwa ndani na kuchomolewa, siku hizi kwa kompyuta. Mtoto wa daktari na mtoto wa mfagizi wako katika kapu moja. Nakuomba ulishike jambo hili, kwa maana tutalirudia.

WANAOUNGA MKONO WASEMAVYO

Hoja yao ya kwanza tumeshaiona: maskini naye apate mlango wa pili. Hoja ya pili ni uwajibikaji. Shule ya kawaida ikiwafelisha watoto miaka kumi, bado hufunguliwa Septemba inayofuata. Shule ya mkataba inaweza kupoteza mkataba. Hoja ya tatu ni matokeo, na hapa hawabahatishi.

Katika mji wa Boston watafiti, miongoni mwao mwanauchumi Joshua Angrist aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2021, waliitumia ile bahati nasibu kama mizani. Walisema hivi: waliopata nafasi na waliokosa wote walikuwa na wazazi wenye hamu ile ile, walioomba shule ile ile. Kilichowatenga ni bahati tu. Basi tuwafuatilie wote wawili. Wakakuta kwamba waliopata nafasi waliwapita wenzao kwa mbali katika hisabati na pia katika kusoma. Wengi wa watoto hao walikuwa weusi na Walatino wa familia zisizo na mali. Jambo la namna hiyo si dogo, jamani. Anayelicheka hajawahi kuwa mzazi katika mtaa wenye shule duni.

WANAOPINGA WASEMAVYO

Wapinzani nao hawana maneno mepesi. La kwanza ni fedha. Tuchukue mfano wangu mwenyewe wa hesabu rahisi. Shule ina madarasa kumi, kila darasa watoto 30. Watoto 30 wakihamia shule ya mkataba, fedha zao huondoka nao. Lakini hawakuondoka kwa mpigo darasa zima. Wameondoka watatu watatu kutoka kila darasa. Je, utamfuta mwalimu yupi? Paa ni lile lile, basi ni lile lile, stima ni ile ile. Mapato yameshuka kwa sehemu moja ya kumi, gharama ziko pale pale. Wanaoumia ni wale 270 waliobaki, ambao hawakuchagua chochote. Hofu hii ndiyo iliyofanya wapigakura wa Massachusetts, jimbo la Boston yenyewe, kukataa mwaka 2016 pendekezo la kuongeza shule za mkataba. Waliokataa walikuwa takriban asilimia 62. Shule zilikuwa nzuri, na bado wakasema la.

La pili ni kwamba si shule zote za mkataba ni kama zile za Boston. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha shule hizo katika majimbo kadhaa. Katika hisabati, asilimia 17 zilizipita shule za kawaida, asilimia 46 zilikuwa sawa nazo, na asilimia 37 zilikuwa mbaya zaidi. Watafiti hao hao walipotoa ripoti nyingine mwaka 2023 mambo yalikuwa yamebadilika: kwa wastani shule za mkataba zilikuwa mbele kidogo. Lakini zile zinazofundisha kwa kompyuta tu, mtoto akiwa nyumbani, zilikuwa nyuma sana. Kwa hivyo mtu akikuuliza, "Shule za mkataba ni nzuri au mbaya?" muulize, "Ipi?"

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Wapinzani husema shule hizi hujifanya zinapokea kila mtoto, kumbe huchuja kwa mlango wa nyuma. Bahati nasibu ni ya kuingia tu. Baada ya kuingia, mtoto mgumu anaweza kusukumwa taratibu. Mzazi huitwa shuleni leo, kesho, keshokutwa, hadi anachoka na kumhamisha mwenyewe. Mwaka 2015 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba mwalimu mkuu wa shule moja ya mkataba katika mtaa wa Brooklyn, mjini New York, alikuwa ameandika orodha ya watoto 16 waliopaswa kuondoka. Viongozi wa shule hizo walisema hilo lilikuwa kosa la mtu mmoja, lililokomeshwa mara moja. Hata iwe hivyo, orodha ilikuwepo, na watoto walikuwa na majina.

Shanker mwenyewe, yule aliyelibeba wazo hili mwanzoni, aligeuka akawa mkosoaji wake kabla ya kufariki mwaka 1997. Aliona maabara ya walimu imegeuzwa soko la mashirika.

MJI ULIOJARIBU YOTE: NEW ORLEANS

Kama wataka kuyaona haya yote mahali pamoja, nenda New Orleans, katika jimbo la Louisiana.

Kabla ya mwaka 2005 shule za umma za mji huo zilikuwa na wanafunzi takriban 65,000 na sifa mbaya. Matokeo yalikuwa ya mkiani, na fedha zilifujwa hata wapelelezi wa serikali kuu wakapewa ofisi katika makao makuu ya shule. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga, kuta za kuzuia mafuriko zikabomoka, na sehemu kubwa ya mji ikazama. Jimbo likatumia nafasi hiyo kuzitwaa shule nyingi na kuziweka chini ya mikataba, moja baada ya nyingine, hadi kufikia mwaka 2019 kila shule ya umma mjini humo ilikuwa ya mkataba. Hakuna mji mwingine mkubwa wa Marekani uliokuwa umefika hapo.

Matokeo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane wameonyesha kwamba alama za mitihani zilipanda sana, na wanaomaliza shule ya sekondari na kujiunga na vyuo wakaongezeka. Hayo ni ya kweli, na mtu mwenye haki atayataja.

Lakini mtungi haukuja bila ufa. Wafanyakazi zaidi ya 7,000 wa shule waliachishwa kazi baada ya kimbunga, wengi wao walimu weusi waliokuwa nguzo za mitaa yao. Nyumba imechukuliwa na maji, na kazi nayo imechukuliwa na karatasi. Walikwenda mahakamani, wakashinda mwanzoni, lakini Mahakama ya Juu ya Louisiana ikaibatilisha hukumu hiyo mwaka 2014. Watoto nao walianza kuvuka mji mzima kwa basi alfajiri, kwa kuwa shule ya jirani haikuwa tena yao kwa haki. Na watoto wenye ulemavu? Wazazi wao walifungua kesi mwaka 2010 wakidai shule zilikuwa zinawakataa au zinawapokea bila kuwapa huduma zinazowastahili. Mzazi alikuwa huru kuchagua, ndiyo. Lakini akibisha hodi huambiwa, "Mtoto kama huyu hapa hatumwezi, jaribu kwingine."

Sasa tazama mji huo ulivyojirekebisha. Mwaka 2012 ukaanzisha fomu moja kwa shule nyingi. Mzazi huandika shule azipendazo kwa mpangilio, na kompyuta hugawa nafasi kwa kanuni zinazojulikana. Mwalimu mkuu hana tena nafasi ya kukonyeza jicho na kuchagua. Wakati huo huo uamuzi wa kumfukuza mwanafunzi ulitolewa mikononi mwa shule moja moja ukapelekwa katika ofisi kuu, ili mtoto asifukuzwe kwa kuwa tu anaharibu wastani. Mwaka 2018 shule zilirudishwa chini ya bodi ya mji iliyochaguliwa na wananchi. Na mwaka 2024, shule moja ya mkataba ilipokuwa inafungwa, bodi hiyo ilifungua shule yake yenyewe na kuiendesha moja kwa moja, baada ya miaka mingi ya kutofanya hivyo. Ilionekana kwamba soko likifunga duka, watoto waliokuwa ndani hawawezi kuwekwa ghalani kama bidhaa. Lazima awepo mtu wa kusema, "Hawa ni wangu."

KISA CHA MINNESOTA KINATUGUSA

Huenda utasema haya ni ya mbali, ya ng'ambo. La, hasha! Minnesota, kule sheria ilikoanzia, ndiko iliko jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani. Familia nyingi zilipitia Dadaab au Kakuma kabla ya kupanda ndege. Huko baadhi ya shule za mkataba zimejaa watoto wa Kisomali na Waoromo. Binti ya shangazi yangu amesoma katika mojawapo, mjini Minneapolis. Nilipomuuliza habari zake kwa simu, alinijibu hivi:

"Wee ndugu yangu, hapa mwezi wa Ramadhani hakuna anayeniuliza kwa nini sili. Mama akija shuleni anasikilizwa kwa lugha yake, haaibiki. Kule shule ya kwanza nilikuwa nakaa nyuma, kimya. Lakini sasa pia kuna shida yake. Hapa ni sisi kwa sisi. Mmarekani mwenyewe namwona kwa basi tu."

Maneno yake mafupi yamebeba mzozo mzima. Mwaka 2015 wazazi kadhaa waliishtaki serikali ya Minnesota wakidai kwamba watoto wa miji ya Minneapolis na St. Paul wanasoma katika shule zilizotengana kwa rangi na kipato, nazo shule za mkataba zikatajwa. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba kesi hiyo ina haki ya kusikilizwa. Watetezi wa shule za mkataba wakasema: kutengwa kwa nguvu ni dhuluma, bali mama kuchagua mahali mwanawe anapoheshimiwa si dhuluma. Wapinzani wakajibu: watoto wasiosoma pamoja leo wataishije pamoja kesho? Mimi naona pande zote mbili zina ukweli, na binti ya shangazi yangu anaubeba wote wawili katika mkoba mmoja wa vitabu.

LANGU MIMI

Baada ya kupima haya yote, naona tumekuwa tukiuliza swali nusu. Tunauliza, "Je, mzazi aruhusiwe kuchagua shule?" Tunasahau nusu ya pili: "Na shule je, iruhusiwe kumchagua mtoto?" Maana uhuru huu una milango miwili, na mara nyingi mmoja ukifunguliwa mwingine hufunguka kimyakimya. Shule ikipata nafasi ya kuchagua, itamchagua mtoto aliye tayari kufaulu, kisha ijisifu kwamba imemfaulisha. Huko ni kuvuna shamba ulilolimiwa.

Boston walipata matokeo ya kuaminika kwa kuwa bahati nasibu iliifunga shule mikono. New Orleans walianza kutenda haki walipoinyang'anya shule kalamu ya kuandikisha na ya kufukuza. Prince Edward walileta maafa kwa kuwa waliochagua walichagua, na walioachwa hawakuachiwa hata mlango. Kwa hivyo siwezi kusema uchaguzi ni mbaya. Nasema uchaguzi unafaa pale mambo mawili yanapotimia: mlango wa shule usiwe na mchujo wa siri, na awepo mwenye jukumu la kisheria kwa mtoto aliyebaki baada ya wengine wote kuchagua. Mambo hayo yakikosekana, hata upake rangi ya uhuru, ni upendeleo tu.

Nasi hapa Kenya tusijione tuko mbali na maswali haya. Sisi hatupigi bahati nasibu. Kwetu tangu zamani alama ndizo zimekuwa zikifungua milango ya shule zinazotajika, kisha karo na umbali vikamaliza kazi. Wadogo zetu walioingia Gredi ya Kumi Januari 2026, wa kwanza katika mtaala mpya, waliandika majina ya shule wanazozitaka wakiwa Gredi ya Tisa. Wapo waliopata na wapo waliopelekwa kwingine. Kujaza jina la shule katika fomu si sawa na kuipata, kama vile kuashiria nyota si sawa na kuishika.

Basi, msomaji, siku utakapokuwa mzazi, mwalimu au mbunge, na ukasikia shule yoyote ikijisifu kwamba wanafunzi wake wote wamefaulu, ipigie makofi kwa kuwa kazi ni kazi. Kisha uliza kwa adabu maswali matatu. Walioingia mwaka wa kwanza walikuwa wangapi? Waliofanya mtihani wa mwisho walikuwa wangapi? Na wale waliopungua hapo katikati, wako wapi sasa, na ni nani anayewajua kwa majina?